Shahidi wa Tatu wa Glenys Thackray

Neno limefungwa. Mhariri mkuu wa kamusi yetu ya Kiingereza cha Kaskazini, Bwana Hugh Pickersgill, alithibitisha hilo Jumanne, tarehe 21 Julai 2026, saa nne asubuhi, akiwa jikoni mwa ofisi na soksi zilizolowa. Aliyelifunga, yaani aliyekamilisha maana zake zote, ni Bi. Glenys Thackray, anayestaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi.

Neno lenyewe ni keep. Ni kitenzi kifupi chenye tamaa kubwa. Kwa kitenzi hicho watu wa hapa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, hufuga kuku, hutunza siri, hutimiza ahadi, hulinda lango na kumchelewesha daktari mlangoni. Na kwa hicho hicho maziwa yao hukaa siku tatu bila kuchacha. Bi. Glenys alikabidhiwa kitenzi hiki Machi 2017 pamoja na maboksi ishirini na mawili ya viatu yaliyojaa kadi, kila moja na sentensi iliyoandikwa na mtu. Leo kina maana sitini na mbili.

Aliajiriwa Septemba 1987 kupanga kadi, akitokea kiwanda cha mazulia, ambako alikuwa akikagua kasoro za nyuzi. Husema kazi haikubadilika, ila vumbi lilipungua. Ndani ya miaka sita alikuwa mhariri. Tangazo la bucha likimvutia, huingia na kuliomba, kisha humwachia mwenye bucha nakala aliyoiandika vizuri zaidi. Mwaka 2019, alipokwama kati ya kufuga kwa faida na kufuga kwa mapenzi, alinunua kuku sita. Jirani alilalamika halmashauri. Barua ya malalamiko sasa ni kadi namba 4,118.

Wageni huuliza kwa nini kitenzi kimoja kichukue miaka tisa. Ni kwa sababu ya sheria zetu mbili. Kwanza, kila maana lazima iwe na mashahidi watatu: watu watatu tofauti walioiandika wenyewe, bila kuombwa. Pili, neno hufungwa na mkono mmoja. Mhariri akiondoka kabla ya kulifunga, anayempokea huanza kusoma upya toka kadi ya kwanza. Kadi za neno hili ni 11,340.

Kufikia Mei, maana sitini na moja zilikuwa tayari. Iliyobaki ni ile ya jambo linaloweza kungoja bila kuharibika, kama maziwa. Sokoni utaisikia mara kumi kabla ya chakula cha mchana: habari hiyo itakaa (it'll keep), ugomvi huo utakaa. Lakini jambo linaloweza kungoja, nani hujisumbua kuliandika? Bi. Glenys alikuwa na mashahidi wawili tu.

Bwana Pickersgill alishauri maana hiyo iachwe. "Nani ataikosa, Glenys?"

"Mama yangu, Hugh. Aliisema kila siku ya maisha yake. Kamusi isiyo nayo itakuwa imemnyamazisha."

Mwezi Juni ilitokea postikadi. Clive Ormerod, ambaye ndiye angelirithi neno, alisema imetoka kwa shangazi yake aliyekuwa mapumzikoni pwani. Iliandikwa kwamba habari za harusi zitakaa hadi arudi. Bi. Glenys aliigeuza mara moja tu.

"Clive, mwanangu, shangazi yako ana mwandiko kama wa kuku wangu. Na stempu haina muhuri."

"Niliandika kwa mkono wa kushoto," Clive alikiri. "Nilitaka uondoke na amani, Bi. Glenys."

"Ulitaka usisome kadi elfu kumi na moja."

"Na hilo pia."

Postikadi ilirudishwa kwa mwenyewe. Siku zilibaki thelathini na nne.

Jumanne hiyo ya Julai sinki la jikoni lilimwaga maji sakafuni. Chini yake kuna beseni la bati ambalo Bi. Glenys amelimwaga kila asubuhi tangu miaka ya tisini. Safari hii lilitoboka. Fundi bomba, Donna Hirst, alipiga magoti, akatazama, kisha akachukua daftari la matengenezo linaloning'inia msumarini nyuma ya mlango. Alisoma na kuanza kucheka.

"Jamani, huyu Wilf Ogden ni nani?"

Alijibiwa kwamba alikuwa mtunza jengo, na kwamba alifariki miaka mingi iliyopita.

"Basi alale pema. Ameandika hapa, Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998: bomba linavuja chini ya sinki, litakaa hadi Jumatatu. Jumatatu ipi, wenzangu?"

Bi. Glenys alikuwa ameshika fremu ya mlango. Aliomba daftari, akasoma mstari ule, wenye keep, kwa kidole, akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kumwomba Wilf auandike. Hakuna. Alinakili sentensi pamoja na tarehe, akaisaini kadi, akamkabidhi Bwana Pickersgill muhuri athibitishe. Kisha akaenda kutafuta deki. Clive alikwishaishika.

Kwa desturi, anayefunga neno huleta keki. Ya Bi. Glenys, ya tangawizi na shayiri, italiwa Ijumaa, tarehe 31 Julai, saa tisa alasiri, chumba cha kadi. Ofisi nzima inamshukuru kwa macho yake makali na mabeseni elfu kadhaa aliyoyamwaga bila kuulizwa. Tunamwombea afya, kuku watagao na majirani wapole.

Fundi Hirst ameagiza bomba jipya. Litafungwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti.