Chupa Iliyobaki Chini ya Meza

Mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi: nilisimama kwenye foleni ya gari la Yamumbi na mafuta taa ndani ya chupa ya soda. Mama mmoja mbele yangu akaiona, akashika kichwa. "Yawa! Yangu nimeiacha chini ya meza, na Amondi ana miaka miwili tu!" Akampigia nyanya aliyebaki na mtoto, simu haikushikwa. Nikaificha yangu ndani ya koti kama mwizi wa kuku. Mzee Ng'ang'a, mwenye duka aliyenipimia mafuta hayo, akacheka mlangoni pa duka lake kando ya foleni. "Tulia, mama. Mtoto anajua mafuta ni mafuta." Gari likafika, mama akaruka foleni nzima. "Yeye anajua chupa, mzee! Jumapili alikunywa soda kwa chupa hiyo hiyo, na bado analilia ingine."