Profesa Masatu na Ng'ombe Aliyemwekesha Gaborone

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni kelele za nyumbani kidogo, na mwenye chai aje nayo hapa karibu na redio. Leo tunamkumbuka Profesa Wenceslaus Masatu. Profesa Masatu, mzaliwa wa Buswahili, mkazi wa Nyakato hapa Musoma, mwalimu wa madaktari wa mifugo. Ametutoka Alhamisi. Anazikwa kesho, kwao Buswahili.

Mliokuwa mkipita Nyakato jioni mnamjua. Alikaa kibarazani, akakusimamisha, wala hakuuliza kama una haraka. "Silasi yuko Lusaka, anasimamia machinjio. Alfonce yuko Maseru, anafundisha. Hyasinta yuko Gaborone, anatengeneza chanjo." Aliwataja wanafunzi wake kama mfugaji anavyotaja ng'ombe wake, kwa jina na kwa rangi. Na kweli aliwaita ng'ombe wake. "Nimewawekesha tu," alisema.

Wafugaji mnaelewa. Kwetu Mara mtu hafugi mali yote boma moja. Ng'ombe wengine huwekeshwa kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia usimalize wote. Ng'ombe uliyemwekesha bado ni wako. Akizaa, unaletewa habari. Akifa, unaletewa ngozi uione kwa macho yako.

Mkewe, Mama Dafroza, hakumwachia. "Nilimwambiaga, mzee, wewe umewekesha zote. Hapa kwako imebaki samadi!" Mzee alicheka, lakini neno lile lilimchoma.

Aliyemchoma zaidi ni Hyasinta. Hyasinta Wanzagi, binti wa Butiama. Mwaka themanini na tatu mnaukumbuka. Sabuni kwa foleni, unga wa njano, sukari ya kunong'onezana. Chuoni maabara haikuwa na glavu. Huku nyumbani majosho yamekauka, na ndigana, ile homa ya kupe, inafyeka ng'ombe kutoka Bunda mpaka Butiama. Gaborone wakamwita Hyasinta. Hyasinta akakataa. Alitaka kubaki afundishe pamoja na mwalimu wake.

Profesa ndiye aliyemsukuma. "Nenda, mwanangu. Hapa utaishia kufuga kuku kama mimi." Alimsindikiza mpaka stendi, akampa mkono, akageuka. Hakusubiri basi liondoke. Hakuweza.

Miaka ikageuka. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba mpaka njiani. Profesa akastaafu, akarudi Nyakato. Alidhani sasa watarudi. Kila Krismasi Hyasinta alipiga simu kwa jirani, na kila Krismasi aliahidi, "Mwakani, Mwalimu." Mwakani ikaja, ikapita, ikazaa mwakani nyingine. Alimkumbuka sana binti yule, wasikilizaji wapendwa. Alitamani amwone tena kabla hajafa, basi. Hakuwa na kingine alichoomba.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, hodi ikapigwa. Msichana, begi mkononi. Anaitwa Jeska, mzaliwa wa Bunda, daktari mpya wa mifugo.

"Shikamoo, babu. Nimetumwa na Daktari Hyasinta. Yeye ndiye alinifundisha maabarani kule Gaborone. Kasema nirudi nifanye kazi nyumbani, na kabla sijafika kwetu nipite kwanza kwako."

Profesa aliinuka kitini. Kisha akapaza sauti mpaka kwa jirani: "Dafroza! Njoo uone! Ndama wangu huyu!"

Sato wakakaangwa. Mzee hakuuliza habari za chanjo hata moja. Aliuliza, "Bado anacheka huku amefunika mdomo? Bado anatembea kama mtu aliyechelewa?"

"Bado, babu. Vyote bado."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akaivua tena. "Basi umeniletea habari za uzao. Sasa mwambie na mama mtu aje nimwone."

Tangu siku hiyo alitoa kiti cha pili kibarazani. "Nilikuwaga nakiingiza ndani, anakitoa tena," anasema Mama Dafroza. "Ananiambia, atakuja amechoka, atakaa wapi?"

Alhamisi moyo wa Profesa ukasimama. Jeska alipiga simu Gaborone asubuhi ileile. Na mara hii jibu halikuwa mwakani. Daktari Hyasinta ametua Mwanza leo. Ninavyozungumza nanyi, basi lake limeshapita Bunda.

Ng'ombe akifa ugenini, mwenyewe huletewa ngozi. Safari hii ng'ombe anarudi mzima, kwa miguu yake, na mwenye boma ndiye hayupo.

Mama Dafroza, pole sana. Poleni ukoo wote wa Masatu, poleni Buswahili, poleni mliopita mikononi mwake popote mlipo. Mungu amlaze pema. Nawe unayenisikiliza, kama aliyekufundisha bado anakaa kibarazani, jiulize lini mara ya mwisho ulimpigia hodi. Mfuate wiki hii.

Na Daktari Hyasinta, kama dereva amefungua redio: kiti kiko nje. Mama Dafroza amekataza kisiingizwe ndani mpaka ukikalie.