Deni Halikuwa Lake: Maisha ya Bi Mwatima Vuai Pandu wa Jadida

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Mashehe wetu, Sheha wa Jadida, wazee, jirani, na kina mama mliomo ndani, Assalaam alaykum. Mimi ni Talib Vuai Pandu, mdogo wake marehemu, na familia imenitaka nisome maisha yake kabla hatujamchukua msikitini. Nimeyaandika asubuhi hii kwa haraka, na mtaniwia radhi nikisoma kama mtu anayetangaza kukatwa kwa maji, kwa sababu tangu nilipoambiwa sijahisi kitu, chozi halijatoka, na mke wangu ameshaniuliza kama mimi mzima.

Bi Mwatima alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967 huko Kengeja, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Vuai Pandu na Bi Mgeni Shaame, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Sisi tuliofuata tulilelewa na yeye kuliko na mama, kwani mama alikuwa shamba kwenye muhogo, na dada alikuwa na mkono mwepesi wa kofi, ila chakula kikipungua, sahani iliyokosa ilikuwa yake.

Alisoma chuo hapo hapo kijijini akahitimu Kurani mwaka 1979, na akasoma Skuli ya Kengeja kuanzia 1975 hadi alipomaliza kidato cha tatu mwaka 1985. Alitamani kuwa mwalimu, haikuwezekana, na hakupata kumlaumu mtu kwa hilo.

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na Bwana Masoud Hafidh, mpika halua wa hapa Jadida, akahamia Wete na kuishi katika nyumba hii tuliyoizunguka sasa, ambayo si ya mumewe kama wengi wanavyodhani, bali ni yake yeye, aliyoachiwa na khalati yetu, ndugu yake mama. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Hafidh, aliyezaliwa mwaka 1989 na ambaye yuko Maskati na leo hakuwahi ndege, Suhaila, aliyefariki kwa homa mwaka 1996 akiwa na miaka mitatu, na Shadya, aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye ni mwalimu na ndiye aliyemuuguza mama yake hadi asubuhi ya leo.

Kazi yake ilikuwa halua. Alianza kwa kumsaidia mumewe kuchuja wanga na kutwanga iliki, na mgongo wa shemeji ulipoanza kumsumbua, mwaka 2009, akaushika mwiko mwenyewe, ingawa walikuwapo waliosema hiyo kazi ya wanaume. Halua haitaki haraka, inasongwa motoni bila ya kuachiwa, na ukiinuka kupokea simu imeshaungua, kwa hiyo sote tulijua kuwa dada akiwa jikoni hapatikani. Wengi mliokaa hapa mmeila kwenye harusi zenu, na wapo ambao hawajailipia, na hao aliwasamehe, ameniambia niwaambie.

Mwaka 2016 shemeji Masoud alikopa shilingi milioni tatu kwenye ofisi moja ya mikopo, ambayo familia haitaitaja jina, ili anunue gari ndogo ya kupelekea halua Chake Chake na Mkoani. Gari ilikufa injini kabla ya mwaka kwisha. Naye shemeji alifariki tarehe 11 Novemba 2018, akiwa bado anadaiwa.

Siku ya maziko yake, mliokuwapo mnakumbuka, jeneza lilikuwa pale pale lilipo hili, na kama ilivyo ada yetu akasimama mwakilishi wa familia akauliza kama kuna anayemdai marehemu. Mwisho wa jamvi akanyanyuka kijana wa ofisi ile akasema wanamdai. Kabla mtu hajamuuliza kiasi gani, na kwa maandishi yepi, sauti ikatoka kwa kina mama, ya dada, ikasema, "Lipo juu yangu mie, ntu asende kaburini na deni." Tukasema alhamdulillah, tukalibeba jeneza, na wazee njiani wakamsifu kuwa ni mke wa kweli.

Na alikuwa mke wa kweli, sibishani na hilo. Lakini kwetu sisi, neno likisemwa mbele ya maiti halirudi, na ofisi ile ililijua hilo vizuri kuliko sisi. Dada akiwa bado kwenye eda, hatoki na hapokei wanaume, watu wawili wa ofisi walikuja hadi mlangoni, wakapenyeza mkataba chini ya pazia, kurasa saba za Kiingereza, akaweka saini kila walipomwonyesha. Hakuachiwa nakala. Deni la mumewe likawa deni jipya kwa jina lake, na nyumba ya khalati ikawa dhamana.

Alilipa kwa karibu miaka sita. Alilipa Ramadhani na alilipa msimu wa karafuu, aliuza bangili za harusi yake, na kila alipouliza kimebaki nini aliambiwa kiasi kikubwa kuliko kile cha mwanzo. Tulipomwambia aache alitujibu kuwa analipia kaburi la Masoud, si ofisi.

Mwezi wa Julai 2024 ikabandikwa karatasi kwenye mlango huu, kuwa nyumba itapigwa mnada. Shadya alimchukua mama yake hadi Chake Chake kwenye msaada wa kisheria, wakaonana na wakili Bi Laila Abdulsamad, ambaye yuko nasi leo. Bi Laila alimwambia kuwa mkopaji ana haki ya kupewa nakala ya mkataba kwa lugha anayoifahamu, na hesabu ya alicholipa, kwamba nyumba haichukuliwi hivi hivi kwa karatasi ya kubandika, na kwamba deni la maiti hulipwa kwa alichoacha maiti, na alichoacha kikimalizika, mjane wake halazimishwi kulibeba. Dada alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema hafungui kesi, kwani mwanamke anayemkana mumewe mahakamani atamtazama vipi siku ya kiama. Akapanda gari akarudi Wete.

Aliyembadilisha ni Shehe Abdulnasir, imamu wetu, ambaye dada alimwendea mwenyewe kumuuliza kama Masoud bado amefungwa na deni lile. Shehe aliomba hesabu, na hesabu ilipopatikana kwa barua ya wakili, ikaonekana kuwa zile milioni tatu alizokopa Masoud zilikuwa zimekwisha kulipwa tangu mwaka wa pili, na kilichoendelea kulipwa kilikuwa riba na faini. Shehe akamwambia, "Bi Mwatima, weye humlipii Masoud tena, unawalipia hawa." Asubuhi yake dada akampigia Bi Laila simu.

Kesi ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 2024. Tarehe 2 Februari 2025 marehemu alianguka jikoni kwa kiharusi, akalazwa hospitali hapa Wete, kisha Chake Chake, akarudishwa nyumbani akiwa upande mmoja haufanyi kazi na maneno yanamtoka kwa shida. Tarehe 28 Mei hukumu ikatolewa, kwamba mkataba ule wa eda hauna nguvu, nyumba ni yake bila ya dhamana yoyote, na kilichozidi arudishiwe. Bado hakijarudishwa, na hilo tutalifuatilia sisi warithi. Shadya alipomsomea, hakuuliza habari ya nyumba. Aliuliza neno moja, "Masoud?" Shadya akamwambia, naye pia, mama, yuko huru. Akageukia ukutani akalala hadi alasiri.

Bi Mwatima amefariki leo, tarehe 19 Juni 2025, saa moja asubuhi, chumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete na Chake Chake, Bi Laila na wenzake, ambao hawakututoza hata senti, Shehe Abdulnasir, walimu wenzake Shadya waliomshikia vipindi, na jirani zetu wa Jadida, hasa Bi Mwanapili, aliyekuja kila siku kumgeuza ubavu.

Limebaki la madai. Marehemu alinipa maagizo, kwa taabu, na nilimrudia hadi akaridhika kuwa nimeyaelewa. Kila anayemdai atapokewa, leo hii, baada ya maziko, aje kwangu mimi na Sheha, na ushahidi wake, na atalipwa kwa alichoacha Mwatima. Nitasita hapa kidogo, ili mwenye dai anyanyue mkono tumjue. Na wewe Shadya, mwanangu, najua uko hapo kwa kina mama na neno lile alilolisema mama yako siku ya maziko ya baba yako limeshakufika mdomoni, naye amekukataza kulisema. Akinyanyuka mtu, wewe unyamaze.

Ahsanteni. Wanaume tusogee tumbebe. Dada yangu, deni lile halikuwa lako, wala mwanao hadaiwi. Pumzika.