Nauli ya Mlipa Kodi Mwaminifu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji; Ndugu Mwakilishi wa Ofisi ya Kodi; mafundi wenzangu wa pampu; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Nimeambiwa mstaafu huongea kwa kifupi kwa sababu chakula kinapoa. Nivumilieni.

Kwanza nimshukuru Ndugu Mwakilishi kwa cheti hiki cha mlipa kodi mwaminifu. Ni kizuri, tena kina fremu. Uaminifu wenyewe haukuwa wa hiari, maana kodi ilikatwa kabla mshahara haujanifikia, lakini sifa haikataliwi.

Nyumba yetu iko jirani na shule anayofundisha mke wangu. Pampu iko huku, mabasi mawili kuja, mawili kurudi. Asubuhi mshahara wangu na mimi tulipanda basi pamoja. Jioni nilirudi peke yangu. Nikaenda ofisini kwenu, Ndugu Mwakilishi, kuuliza kama nauli ile inaweza kuondolewa kwenye mapato yangu kabla hayajakatwa kodi. Dada wa dirishani alinijibu vizuri tu.

"Kaka, safari ya nyumbani hadi kazini ni mambo yako binafsi. Sisi tunatambua gharama za kazi."

"Sasa dada, pampu nitaiendesha nikiwa kitandani?"

"Hamia karibu na kazi, basi."

Je, na mke wangu ahamie wapi, shule yake ikibaki kule? Gari la Mheshimiwa Mkurugenzi likitoka hapa kwenda makao makuu, mafuta yake ni gharama ya kazi. Mimi nikija alfajiri kumfungulia maji ya kuogea, eti natembea kwa starehe zangu! Lakini sheria ni sheria, sibishani nayo tena. Nilibisha hodi kwenye ile ofisi mpaka nikachoka.

Basi nikahama. Nikapanga chumba nyuma ya kituo, na pango lake nalo, nikaambiwa, ni mambo yangu binafsi. Nyumbani nikawa naenda mwisho wa mwezi. Pampu ilipozeeka na kuanza kudeka, nikawa naenda inaponiruhusu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Binti yangu alipochumbiwa alinipigia simu: "Baba, tumeshapanga kila kitu, wewe njoo tu." Nilikwenda, nikakaa nilipoonyeshwa. Leo mmenisifu kwamba sikuwahi kuchelewa kazini. Mwenzenu sifa hiyo niliilipia kwa watoto wangu, na inaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Mke wangu hayupo hapa, msimtafute. Juzi nilimpigia, nikamwambia, mama watoto, nimestaafu, sasa narudi moja kwa moja. Akaniuliza, kwa upole, bila ubaya wowote: "Sawa, utafikia wapi?"

Ndugu zangu, nauli ya kesho ninayo. Pa kufikia sina. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.