Mzee Mushagalusa na Mwanga Unaoumiza

Tarehe 31 Oktoba Mzee Zéphyrin Mushagalusa anastaafu, baada ya kututafsiria na kutugombeza kwa miaka ishirini na sita. Alifika hapa Kansanga, Kampala, kutoka Bukavu na begi moja na kamusi tatu. Begi liliibwa sokoni Owino wiki ya kwanza. Kamusi hakuna aliyezitaka.

Ametafsiri vyeti vya ndoa, mikataba ya nyumba, na barua za mapenzi za askari wa kambi ya Mbuya, ambazo alizisahihisha bila kuombwa. Afande Odur anasema alikubaliwa na mkewe kwa ufundi wa Mzee, na mpaka leo hajaamua kama amshukuru.

Kosa lake kubwa, na ameagiza mwenyewe tuliseme, ni fomu ya kliniki moja ya macho. Iliuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa anasumbuliwa na "glare", yaani mwanga unaoumiza macho. Mzee alikuwa na haraka ya chakula cha mchana, akaandika: mng'ao. Wagonjwa wakajibu hapana. Nani asumbuliwe na kitu kizuri hivyo? Mwaka jana macho yake yakaanza kusumbua, akapewa fomu ile ile, naye akajibu hapana! Akarudishwa nyumbani na dawa ya matone.

Siku jua lilipompiga kutoka kwenye mabati mapya ya jirani, akashindwa kuuona mlango wake. Kumbe! Akalifukua neno hilo la Kiingereza hadi mizizi. Wajerumani wa kaskazini wa kale walilitumia kumaanisha kumeta tu, nalo ni ndugu wa neno lao la kioo. Waingereza wakalitia ukali, likawa pia jicho la hasira, lile analotukazia tukichelewa. Kisha akawauliza wauza mabati wa Owino jua linawafanyaje. Wakamwambia linawatia kiwi machoni. Bingwa wetu alikuwa amelisahau neno hilo.

Akaandika upya: je, mwanga mkali unakutia kiwi? Akataka wagonjwa wote wa zamani waitwe. Daktari alinung'unika, Mzee akakaa mapokezi siku tatu, na mnajua anavyokaa. Walirudi thelathini na wanane. Kumi na tisa wakakutwa na mtoto wa jicho, na Mzee mwenyewe pia. Mzee alikataa kupasuliwa mpaka wenzake wamalizike. Tulimwogopea sana hadi zamu yake ilipofika, maana alikuwa anapapasa ukuta kutafuta choo.

Wa kwanza kupasuliwa alikuwa Mama Kahambu, fundi cherehani aliyekuwa ameacha kazi kwa kutoona tundu la sindano. Shati alilovaa Mzee leo amelishona yeye, na kila kifungo kimekaa mahali pake.

Asante, Mzee wetu. Kalale mchana, ule kwa wakati, uishi miaka mingi yenye raha.