Neptuni Iko kwa Fundi Cherehani

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wa sayansi ambaye shule nzima humwita Mwalimu Hatua anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Ishirini na sita kati ya hiyo amefundisha elimu ya anga, mchana kweupe.

Jina alipewa na wanafunzi. Kila muhula aliweka mpira wa miguu mlangoni pa ofisi ya walimu na kuuita Jua, kisha darasa likahesabu hatua hadi kila sayari. Dunia, punje moja ya ulezi, ilikaa mita ishirini na nne kutoka hapo. Neptuni ilivuka geti, ikapita kituo cha mafuta na kuishia kwa fundi cherehani, mita mia saba na ishirini. Fundi alishazoea, akiona msafara unakuja, anasogeza kiti.

Miaka tisa iliyopita kipindi hicho kilitaka kukatwa kwenye ratiba. Mkuu wa shule wa wakati huo alimshauri abandike mchoro ukutani, yaishe. Alikataa. Alisema mchoro unaibana anga kama samaki wa kopo, na akaomba mkaguzi aje atembee mwenyewe kabla ya kuamua.

Siku ilipofika, mambo yalikwenda mrama. Wanafunzi walimpa kazi ya kuhesabu hatua yule mrefu kuliko wote, na Mshtarii ikaangukia jikoni. Mpishi alifoka kwamba yeye hapikii sayari. Mwingine angefunika kombe mwanaharamu apite. Mwalimu aliwarudisha wote mlangoni, akatoa kamba yenye fundo kila mita, na kazi ikaanza upya mbele ya mkaguzi.

“Bado mbali?” mkaguzi aliuliza njiani, tai mkononi.

“Bado, mzee,” alijibu binti wa kidato cha kwanza. “Hapa ni Zohali tu. Pole na safari.”

Mkaguzi alifika kwa fundi, akaomba maji, kisha akaandika: kipindi kibaki.

Mwalimu hakushinda yote. Ombi lake la darubini ameliandika mara kumi na nne bila kujibiwa. La kumi na tano liko mezani kwa mkuu wa shule tangu jana, na safari hii lina sahihi mbili: yake, na ya mwalimu wa hisabati atakayepokea kipindi Januari.

Mwalimu, ahsante kwa kutuchosha miguu. Pumzika kwa afya na furaha. Majibu ya barua tutayadai sisi.