Karatasi Niliyomnywesha Mume Wangu

Sifa zote njema ni za Mola, ndugu zangu, aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa na ulimi, na ulimi huo ni wangu mwenyewe! Hitima ya mwenzetu tumeisoma, wali tumekula, sasa nivumilieni kidogo. Nina jambo nimelificha tangu mume wangu afe, na leo limenishinda kulibeba.

Wengi mnanijua kuwa mjane wa Selemani, yule aliyekuwa akinunua mawese Kigwena na kuyapeleka Ujiji. Wachache mnajua kwamba huko Ujiji ndiko alikonikuta, nikiwa mtumwa katika nyumba ya bwana mmoja mwenye mashamba. Selemani alitaka kunioa. Yule bwana, Mungu amrehemu, akaniacha huru, mimi na kila mtoto nitakayemzaa. Akaandika kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili, na Selemani akaichukua karatasi. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuja kuambiwa tu kwamba kuanzia leo wewe ni huru, nikacheka, nikalia, basi. Nani anauliza karatasi siku ya furaha?

Selemani aliiweka katika kifuko cha ngozi, pamoja na hirizi yake ya safari. Siku moja aliniita, njoo nikuonyeshe kitu, Mama Zena, maana mimi ni mtu wa ziwani na ziwa halina rafiki. Nikamkatiza. Nikamwambia asinichurie, anayetaja kifo chake ndani ya nyumba anakikaribisha. Baada ya mwaka akajaribu tena, nami nilikuwa natwanga. Nikaanza kuimba ili nisimsikie. Ndugu zangu, niliimba! Akacheka, akakitundika kifuko ukutani, hakusema tena.

Kisha homa ikamshika. Mwalimu wetu, anayetuandikia kombe, alikuwa safarini. Si mnajua kombe, aya zinaandikwa, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Siku ya tatu nikaona mume wangu anazidi, nikakikumbuka kile kifuko. Ndani nikakuta hirizi imeshonwa, na kando yake karatasi iliyojaa herufi za Kiarabu juu mpaka chini. Mimi sijui kusoma. Kwangu herufi zile zote zilikuwa maneno ya Mungu. Nikaitia katika bakuli, nikaisugua kwa kidole mpaka wino wote wa masizi ukatoka. Nikamwinua kichwa, nikamnywesha.

Alipomaliza akaiona karatasi imelowa kando ya bakuli.

"Mama Zena, iko karatasi gani hii?"

"Ni ile dua ya mu kifuko chako."

Alinitazama sana. Hakunigombeza. Wallahi, hakunigombeza!

"Feruzi wa Kabonga," akasema. "Maulidi wa Gatete. Shika hayo majina."

Akayarudia, akayarudia, mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikadhani ni homa inayosema. Nikamfuta jasho, nikamwambia alale. Akafa kesho yake adhuhuri, na majina yale nikayazika pamoja naye.

Eda yangu ilipokwisha, akaja mtoto wa yule bwana wangu wa zamani. Baba yake alikuwa amefariki. Alisema mimi ni mali ya baba yake, na Zena, binti yangu wa pekee, ni mali pia, na amekuja kumchukua. Kama nina karatasi ya uhuru, niitoe. Nikapekua nyumba nzima, kisha nikamkimbilia mwalimu aliyekuwa amerudi. Akashangaa kwamba sijui. Selemani aliwahi kumwonyesha ile karatasi, akamwambia anaiweka pamoja na hirizi. Nikajua ni ile niliyoiosha, nikakaa chini mlangoni kwake.

Ndipo majina yakanirudia, ya wale mashahidi wawili. Siku zile Mdachi, mkubwa wa boma la Usumbura, alitazamiwa kupita ufukweni na askari wake, na shauri langu likawekwa kumngoja yeye. Nikaenda Gatete. Maulidi nikamkuta kaburini, udongo bado mbichi. Ningalikwenda nilipoambiwa, ningalimkuta akila chakula chake! Nikapanda mtumbwi mpaka Kabonga. Feruzi alikuwa akianika samaki wake wadogo, ndagala, mchangani, mtu mkali, maneno machache.

"Amahoro, mama," akasema. "Nilikuwa pale. Lakini mbona unakuja sasa, Maulidi amekufa?"

Akanawa mikono, akanifuata.

Siku ya shauri Feruzi alisema aliyoyaona. Yule kijana akajibu kwamba shahidi mmoja hatoshi, na katika sheria yetu alisema kweli. Mdachi akamgeukia mwalimu. Mwalimu akauleta Msahafu, akamwambia kijana aape kwamba baba yake hakuniacha huru. Zena alikuwa amenishika nguo, nasikia vidole vyake mpaka leo. Kijana akaunyosha mkono, ukabaki hewani.

"Siwezi," akasema. "Baba alinisomea nakala ya ile barua ya uhuru."

Mungu ni mkubwa, ndugu zangu! Aliuzuia mkono ule, si akili yangu, mimi akili sikuwa nayo. Tukaandikiwa karatasi mpya siku ile ile. Iko sandukuni, mwalimu anajua, Zena anajua, na kila Ijumaa ananisomea yeye mwenyewe, maana nimempeleka chuoni kwa mwalimu akasome.

Watu wanasema nimeokoka, na ni kweli, nashukuru. Ila kuna jambo linaniuma. Mume wangu alifahamu nilichomnywesha. Pumzi kidogo aliyobaki nayo, ambayo angeagana nami kwayo, aliitumia kunitajia majina ya mashahidi. Nami sikumsikiliza hata hapo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu ninalala naye kitanda kimoja.

Basi mtegemeeni Mungu, hamtupi mja wake, mimi ni ushahidi. Na mkirudi majumbani, mume akisema, au mama, au baba, njoo nikuonyeshe kitu, msimwambie anachuria. Kifo hakingoji kuitwa. Weka mchi chini, dada yangu, uende ukaone.